Redio ya Stoo

Watu wakimtaja Mama Funguo siku hizi huanza na siku ya wageni, kana kwamba mtu huzaliwa siku anayokosea. Mimi nitaanza mbali kidogo, mtanivumilia. Mimi ni kinyozi. Duka langu linatazamana na ukumbi wa manispaa, na kinyozi hulipwa kwa kunyoa lakini kutwa nzima kazi yake ni kusikiliza. Tena nilikuwa mwimbaji wa kwaya ya ukumbi, sauti ya chini kabisa, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu. Yaliyobaki aliniambia mwenyewe.

Hakuwa mama wa mtu. Hakujaliwa mtoto, na mume aliyekuwa naye aliaga kwamba anakwenda kutafuta kazi, na mpaka leo anaitafuta. Jina la Mama Funguo alipewa na watoto wa mtaani kwa sababu ya rundo la funguo alilolifunga kiunoni, ukawa unamsikia kabla hujamwona. Alikuwa mtunzaji wa ukumbi. Alifungua, akafagia, akashona mapazia yaliyochanika, akagombana na kila aliyeegemea ukuta. Kwa kugombana hakuwa na mpinzani. Mimi aliwahi kunitoa nje katikati ya mazoezi kwa sababu viatu vyangu vilikuwa na tope, na aliponiruhusu kurudi nilikuwa pekupeku, nimeshika viatu mkononi kama mwizi.

Aliyemlea ni kaka yake. Wazazi walifariki binti akiwa mdogo, kaka akaacha shule akaenda kufanya kazi mnadani. Kama hukumjua Dalali enzi zake, sijui nikueleze vipi. Alisimama juu ya meza akauza kabati lililokosa mlango mmoja, na aliyelinunua akaondoka anajiona mjanja. "Mara ya kwanza! Mara ya pili!" Ukimsikia unajikuta umeingiza mkono mfukoni ingawa kitanda unacho nyumbani na huna pa kuweka cha pili. Sauti hiyo ndiyo iliyomlisha dada yake, ikamvisha, ikamsomesha mpaka akapata kazi. Na pamoja na ukubwa wake wote, haikuwahi kumfokea hata siku moja.

Kisha kikaja kiharusi. Kilimkuta palepale juu ya meza, mbele ya wateja. Mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakampotea yote, isipokuwa yale aliyokuwa ameyazoea mno: mara ya pili. Akitaka maji, mara ya pili. Akiumwa, mara ya pili. Na si kwamba akili ilipotea. Ukimtazama machoni ulimwona yumo, anakuelewa, anakasirika usipomwelewa. Vijana fulani walimfuata barabarani wakimwigiza, "Mara ya pili! Mara ya pili!", Mama Funguo akawatupia ndoo. Sisemi maji, nasema ndoo yenyewe. Tangu siku hiyo hakutaka tena watu wamtazame kaka yake. Naomba mlishike hilo, maana yote yaliyofuata yametoka hapo.

Kumwacha nyumbani peke yake hakuweza, akawa anakuja naye kazini, anamkalisha benchi la nyuma ukumbini na kikombe cha chai. Nasi tulikuwa na Mwalimu wa muziki, binti mdogo tu, mwajiriwa wa manispaa, mwenye kinanda kilichokosa sauti mbili tatu na subira isiyo na mwisho. Alitutungia wimbo mwepesi wa kufungulia koo, wa asubuhi: Kumekucha, fungua dirisha. Tulikuwa tukiuimba kila tukianza mazoezi, hata tukauchoka.

Basi siku moja tunauimba hivyo kwa uvivu, nyuma kabisa ikasikika sauti isiyo yetu. "Fungua dirisha." Maneno mazima, yamenyooka. Tukageuka. Dalali alikuwa amekaa vilevile na chai yake, machozi yanamtiririka, anaimba. Mama Funguo aliangusha ufagio. Mimi nilipiga kelele, sioni haya kusema. Mwalimu peke yake ndiye hakupiga kelele. Alikwenda akaketi kando yake, akamshika mkono mzima, akaugongagonga polepole kufuata mapigo, wakauimba tena wote wawili.

Kesho yake Mwalimu akaenda hospitali kuuliza. Daktari akamweleza kwamba ubongoni maneno ya kusema na maneno ya kuimba hayapiti njia moja, na njia moja ikiziba, nyingine huweza kubaki wazi. Lakini mgonjwa lazima aongozwe, taratibu, kwa muda mrefu, na mtu anayejua anachofanya. Nadhani alieleza mengi zaidi, mimi nimebaki na hayo.

Hivyo ndivyo lilivyoanza Benchi la Nyuma. Kila Jumanne mchana Mwalimu aliwakusanya watu ambao ndimi zao zilifungwa na maradhi: Dalali, dereva wa lori aliyekuwa akisema herufi za mwanzo tu, mama muuza matunda aliyenyamaza kabisa, na wengine. Alianza na nyimbo wanazozijua. Baadaye akawafundisha kuiba. Ndivyo alivyosema mwenyewe, "Leo tunaiba." Unauchukua mstari wa wimbo, unaibakiza sauti yake, unayatoa maneno yake, unatia ya kwako. Muuza matunda aliiba mstari akaimba jina la mjukuu wake, na yule mjukuu, mtu mzima na ndevu zake, akalia mlangoni. Mwalimu alimjua kila mmoja: huyu umwanzie juu, huyu ugonge bega si mkono, huyu usimtazame anapotafuta neno.

Na Dalali? Jumapili moja Mama Funguo amepika, wamekaa kula, kaka akaweka kijiko chini. Akafumba macho. Akaimba, kwa sauti ya "fungua dirisha", mapigo yakaenea sawasawa: "Chumvi imezidi."

"Miezi yote ile sijasikia neno lake hata moja," Mama Funguo aliniambia, "nimemwosha, nimemlisha, nimemvisha, halafu neno la kwanza ananitukania mboga!"

Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Nikamwambia dada, ukweli usemwe, chumvi huwa unazidisha. Hakunisemesha siku mbili.

Hakuna aliyelipa kiingilio kwa hayo. Ukumbi ulikuwa wa manispaa, taa za manispaa, mshahara wa Mwalimu wa manispaa. Tulivichukulia kama mvua, kitu kinachokuja chenyewe. Kuna mteja wangu mmoja aliwahi kuniuliza, "Hivi kuimba kunajenga barabara?" Nilikuwa nimeshika wembe kooni kwake. Nikanyamaza kwa usalama wake.

Halafu habari zikaja kwamba manispaa inapunguza matumizi, na ujumbe utapita kuangalia ni sehemu zipi ziendelee kupewa ruzuku na zipi ziachwe. Mama Funguo alizipokea habari hizo kama alivyolelewa, na kama tulivyolelewa sote. Mgeni akija, vikombe vizuri vinatoka kabatini. Kilichopasuka kinageuzwa upande mzima. Hata kama nyumba haina kitu, mgeni ataondoka anaamini wenyeji wamekula wakashiba.

Alisugua sakafu mpaka ukajiona uso. Akaiondoa ile ndoo iliyokuwa ikikinga mvua chini ya paa bovu, akapaka rangi doa la dari akiwa juu ya ngazi mimi nimeishikilia. Viti vyetu vya kuyumba akavificha, akaazima vingine kwenye ukumbi wa sherehe, vya kitambaa chekundu. Akaazima mapazia. Akaazima hata waimbaji, vijana wawili wenye sauti nzuri kutoka mtaa wa pili, maana alisema sisi wenyewe tunaimba kama watu waliopungukiwa usingizi. Na sisi tulifurahi, tusidanganyane. Tulinunua mashati yanayofanana. Nilijitazama kwenye kioo cha dukani nikaona nimependeza.

Mwalimu ndiye pekee aliyekuwa na wasiwasi.

"Dada, mimi nafikiri tuwaonyeshe Benchi la Nyuma. Waimbe wao kwanza."

"Mwalimu, mwanangu, wewe bado mdogo. Hao ni wakubwa. Wakiona watu wanadondosha mate watasema hapa ni wodi, si ukumbi."

"Lakini ndiyo kazi yenyewe, dada. Kwaya nzuri ziko kila mahali."

"Kaka yangu hachekwi tena," Mama Funguo akasema, na uso wake ulivyokuwa, Mwalimu hakuendelea. Nami nilikuwepo, nikaona anayosema dada yana maana. Sikufungua mdomo.

Siku ya wageni, Benchi la Nyuma likaingizwa stoo ya mavazi, kando ya jukwaa. Mama Funguo aliwatandikia mkeka, akawawekea chai na mikate, akawaambia kwa upole wawe kimya kidogo tu, wageni watapita mara moja. Akafunga kwa ufunguo. Dalali alimtazama mpaka mlango ulipofungwa.

Wageni walikuja na Mwenyekiti mbele, mtu mzito mwenye kicheko cha karibu, na nyuma yake Afisa wa Utamaduni, mama mmoja mtulivu wa miwani. Wakakaa kwenye viti vyekundu. Tukaimba. Sijapata kutusikia tukiimba vile. Kisha wakainuka kuzunguka, nasi tukaendelea taratibu na wimbo wetu wa asubuhi kama Mama Funguo alivyopanga, na mimi nikiwa mwisho wa mstari, karibu kabisa na mlango wa stoo.

"Na humu?" Mwenyekiti akauliza.

"Stoo tu, mheshimiwa. Nguo za zamani."

Hapo ndipo ilipotoka, nyuma ya mbao, nene, polepole. Fungua dirisha. Alikuwa amesikia wimbo wake, ungetaka afanye nini? Ndiyo njia pekee aliyobaki nayo ya kutoka.

Mwenyekiti akasimama. "Nani anaimba?"

Nilimwona Mama Funguo akishika funguo zake kwa mikono miwili zisitoe sauti. "Redio, mheshimiwa," akasema. "Redio ya mlinzi. Husahau kuizima."

Ukumbi wetu haujawahi kuwa na mlinzi.

"Ina sauti nzuri," Mwenyekiti akasema. Wakacheka, wakapita. Na ile sauti ndani ikakatika, katikati ya neno.

Uamuzi ulisomwa kwenye mkutano wa wazi, tukiwa na mashati yetu. Mwenyekiti alitusifu kweli, si kwa kejeli. Alisema hajaona ukumbi uliotunzwa vile, sakafu vile, viti vile, vijana wenye afya na vipaji vile. Tukapiga makofi. Akasema sisi ni mfano wa kuigwa. Makofi tena. Akasema kwa kuwa tumefika hapo, ni wazi tunaweza kujitegemea, tuuze tiketi, tukodishe ukumbi, na ruzuku yetu ielekezwe kwa wenye shida. Kuna waliokuwa bado wanapiga makofi. Mwalimu alikuwa ameziba uso kwa viganja.

Mwalimu alihamishiwa mji mwingine kabla mwezi haujaisha. Ukumbi ukapewa mpangaji wa sherehe, akaja na kufuli zake. Mama Funguo hakuambiwa arudishe rundo lake, maana halikuwa na kazi tena. Akaendelea kulivaa.

Kilichomuuma si kazi. Tangu siku ya stoo, kaka yake hakuimba. Aliketi mlangoni Jumanne amevaa shati safi, akingoja kupelekwa. Ukimuuliza jambo, mara ya pili. Hata hilo alilisema kwa sauti ndogo.

Mama Funguo akapiga moyo konde, akamshika kaka yake mkono wakaenda ofisini kwa Afisa wa Utamaduni, nami nikafunga duka nikawasindikiza. Ilikuwa ofisi ndogo, feni inalalamika, mafaili mpaka dirishani. Yule mama alitupokea vizuri, akatutafutia viti. Mama Funguo akaeleza habari za Benchi la Nyuma. Akaeleza vizuri, lakini hata mimi niliyeyajua yote niliona yanasikika kama hadithi ya kutunga.

"Mwambie aimbe kidogo," afisa akasema.

"Mara ya pili," Dalali akasema, anatazama sakafu.

Ilihitajika mtu wa kumwanzia. Mwalimu hayupo. Mimi sauti yangu iko chini mno, nilijaribu nikakohoa. Basi Mama Funguo, ambaye miaka yote hiyo alikuwa akisema yeye ni wa ufagio, si wa kuimba, akaushika mkono wa kaka yake akaanza. Alianza vibaya. Sauti yake ilipanda isipotakiwa ikashuka isipotakiwa. Lakini aliugonga ule mkono kama alivyomwona Mwalimu akifanya, akarudia, akarudia tena, mpaka mdomo wa kaka ukaanza kutikisika, na mstari mzima ukatoka. Afisa alivua miwani.

"Lakini mama," akasema, na nia yake ilikuwa njema, "si umeweza mwenyewe? Hili mnaweza kulifanya nyumbani."

Kila alichoonyesha Mama Funguo kiligeuka ushahidi wa kwamba hahitaji kitu.

"Na mbona siku ile tulipokuja hatukumwona?" afisa akaendelea. "Kama mambo ni hayo, mbona hamkutuonyesha?"

Mama Funguo aliinamisha kichwa, nikadhani atadanganya tena. Kaka yake akauvuta mkono wake, akafumba macho kama ile Jumapili ya chumvi. Akaimba, pigo kwa pigo, kwa sauti ya dirisha:

"Redio ni mimi."

Afisa alichelewa kidogo kuelewa. Kisha nikamwona akielewa. Akamtazama Dalali, akamtazama dada yake, na Mama Funguo akaanza kulia kwa namna ambayo sitaki kuisimulia, amekiweka kichwa chake juu ya ule mkono uliolegea, anasema, "Nisamehe kaka, sikutaka wakucheke, nisamehe." Na kaka anampapasa kichwa kwa mkono mzima.

Yule afisa hakuwa mtu mbaya. Alisema bajeti imeshapitishwa, fedha zimekwenda, mwalimu ameshapangiwa kazi nyingine. Alisema mwakani atakuja mwenyewe, na safari hiyo atataka kufunguliwa kila mlango. Alitusindikiza mpaka ngazini.

Mwakani ni neno jepesi kwa mwenye ulimi. Tulijaribu dukani kwangu, Jumanne mchana, nikageuza viti vya wateja viangaliane. Walikuja. Tulikuwa na upendo wa kutosha, wallahi, upendo haukupungua hata kidogo. Lakini mimi ni kinyozi. Sikujua nani huanziwa juu. Nilimgonga dereva begani kumbe ni mkono, akashtuka akanyamaza. Muuza matunda nilimkodolea macho alipokuwa anatafuta neno, likampotea. Ile kazi tuliyodhani ni kuimba tu, kumbe ilikuwa ni kazi, yenye ufundi wake, na mtu alilipwa aijue. Wiki kwa wiki wakapungua. Muuza matunda hakuja tena, na mjukuu wake akaniambia hata jina lake halisikiki siku hizi.

Mama Funguo hakukata tamaa na kaka yake. Aliimba naye asubuhi, akaimba naye jioni. Lakini sauti yake haikukaa mahali pamoja, leo iko huku, kesho iko kule, na Dalali humtazama kama alivyokuwa akilitazama kabati bovu zamani, kwa upole, akijua halifungi. Hafungui mdomo. Sidhani ana kinyongo. Nadhani hana wa kumwonyesha njia.

Jumapili iliyopita walinialika chakula. Nilitia kijiko cha kwanza mdomoni, nikataka kukitema. Ilikuwa chumvi tupu, hakuna mtu duniani angekosea kiasi kile. Nikafungua mdomo niseme, na Mama Funguo akanikanyaga mguu chini ya meza. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa amemkazia macho kaka yake, mkono umeshaanza kugongagonga meza, polepole, mapigo ya dirisha.

Dalali akala. Akala kijiko baada ya kijiko, bila kukunja uso, mpaka sahani ikawa nyeupe. Akamtazama dada yake.

"Mara ya pili," akasema.

Dada akachukua sahani, akaenda kuiosha.